Jiko la Mama na Moto wa Tokyo

Mwaka 1943, jikoni mwa Wamarekani wengi, kando ya jiko palikuwa na kopo tupu la bati. Mama wa nyumbani akishakaanga nyama au kuoka kuku, hakumwaga mafuta yaliyobaki. Aliyaacha yapoe kidogo, akayachuja ili vipande vya nyama visiyaozeshe, akayamimina koponi. Kopo likijaa alilipeleka buchani. Muuza nyama aliyapima, akamlipa senti 4 kwa ratili, na kuanzia Desemba 1943 akamwongezea pointi 2 nyekundu za mgawo, zile ambazo bila hizo mtu hakupata nyama wala siagi hata awe na fedha. Kutoka buchani mafuta yalikwenda kiwandani, yakatolewa glisirini, na kutokana na glisirini ikatengenezwa nitroglisirini. Glisirini nyingine ilikwenda kwenye dawa, lakini si hiyo iliyotangazwa zaidi. Iliyotangazwa ni ile ya risasi, makombora na mabomu.

Serikali haikuficha jambo hilo. Bango mashuhuri la mwaka huo, lililochorwa na Henry Koerner, lilionyesha mkono ulioshika kikaango ukimimina mafuta, na mafuta yakigeuka mlipuko. Kampuni ya Walt Disney ilikuwa imekwisha kutoa filamu fupi mwaka 1942 ambamo Minnie Mouse anataka kummwagia mbwa wake Pluto mafuta ya nyama, mara sauti ya redio inamzuia na kumweleza kazi ya mafuta hayo vitani. Pluto mwenyewe ndiye anayebeba kopo hadi buchani. Watoto waliitazama filamu hiyo sinemani wakicheka.

Sababu za kampeni hiyo zilikuwa za kweli. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 7, 1941, Japani iliteka Ufilipino na visiwa vingi vya Pasifiki, na mafuta ya nazi yaliyokuwa yakiletwa kutoka huko yakakatika. Hata hivyo ndani ya kopo lile mlikuwa na swali ambalo bango halikuliuliza. Ikiwa mafuta ya kikaango yanaua mtu upande wa pili wa dunia, aliyeyakusanya ni nani mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri yake? Ni mpiganaji, au bado ni mama tu aliyepika chakula cha jioni?

Swali hilo liliwagusa karibu wote, kwa sababu vita viliingia katika kila kabati. Sukari ilianza kugawiwa kwa kuponi Mei 1942, kahawa Novemba, viatu Februari 1943, nyama, jibini na siagi mwezi uliofuata. Mwenye gari la kawaida alipata galoni chache tu za petroli kwa wiki. Watu walilima mboga katika viwanja vya nyumba zao, na mwaka 1943 bustani ililimwa hata Ikulu, White House. Watoto wa shule walinunua stempu za senti 10 na 25, wakazibandika kwenye vitabu vidogo mpaka zikafika dola 18 na senti 75, kiasi kilichotosha kununua hatifungani ya vita ambayo ingelipa dola 25 baada ya miaka 10. Wamarekani milioni 85 walinunua hatifungani hizo. Kuanzia Julai 1943 kodi ya mapato ikaanza kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaushika. Kidole kimoja hakivunji chawa, na serikali ilihakikisha kila kidole kimo.

Wako waliojaribu kutoa kidole chao. Miongoni mwao walikuwa Wamenno, ambao wasomaji wa mkoa wa Mara wanawafahamu vizuri, kwa kuwa wamisionari wao kutoka Marekani walifungua kituo cha Shirati mwaka 1934. Walikuwapo pia Waquaker, ambao kanisa lao lilikwisha kuota mizizi Kaimosi, magharibi mwa Kenya, tangu mwaka 1902. Makanisa haya yalifundisha kwa vizazi vingi kwamba mfuasi wa Kristo haui. Sheria ya kuandikisha askari ya mwaka 1940 iliwaruhusu wanaokataa vita kwa sababu ya mafundisho na imani ya dini wafanye kazi nyingine yenye manufaa kwa taifa. Takriban vijana 12,000 walikwenda kwenye kambi za utumishi wa kiraia. Walipanda miti, walizima moto wa misituni, walihudumia wagonjwa wa akili katika hospitali zilizosahauliwa. Hawakulipwa mshahara. Makanisa yao ndiyo yaliyowatunza.

Lakini kukataa bunduki ni rahisi kueleza kuliko kukataa senti. Mmenno aliyebaki shambani kwake alifikiwa na wauza hatifungani kama jirani yake yeyote, na kijiji kizima kilijua nani amenunua na nani hajanunua. Hatimaye viongozi wa makanisa ya amani walikubaliana na Wizara ya Fedha juu ya njia ya kati: waumini wao wangenunua hatifungani za kawaida za serikali, zisizobeba jina la vita. Wengi walizinunua kwa moyo mwepesi. Wengine waliona wazi kwamba fedha zote zinaingia katika hazina moja, na hazina haina mfuko wa ngano na mfuko wa mabomu.

Ni rahisi kuuita mpango huo udanganyifu wa nafsi. Hukumu hiyo ingewaonea watu wale. Mkulima wa Pennsylvania aliyetaka karatasi isiyoandikwa neno vita alikuwa akisema kitu cha kweli kuhusu nia yake: kwamba analipia nchi anamoishi, halipii kifo cha mtu. Waislamu na Wakristo wa pwani yetu wamelelewa katika fundisho kwamba tendo hupimwa kwa nia. Shida ni kwamba bomu halipimi nia ya aliyelilipia.

Kila mmoja alichora mstari wake mahali pake. Desmond Doss, Msabato kutoka Virginia, alivaa sare za jeshi lakini akakataa kushika silaha, akawa mtoa huduma ya kwanza. Mwaka 1945 huko Okinawa aliwateremsha majeruhi wapatao 75 kutoka juu ya genge huku risasi zikipigwa, akatunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Kwa upande mwingine, wanaume wapatao 6,000 walichagua jela au walisukumwa huko, na wengi wao walikuwa Mashahidi wa Yehova. Baadhi ya waliokuwa kambini walitoka pia wakaingia gerezani, wakiona kwamba hata kupanda miti kwa amri ya bodi ya kuandikisha askari ni kuvipa vita mkono.

Vijana 36 wa kambi hizo walikwenda mbali zaidi. Novemba 1944 walihamia chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakajitolea kushindishwa njaa ili mtaalamu Ancel Keys ajifunze namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vikiisha. Kwa miezi sita, kuanzia Februari 1945, walikula milo miwili kwa siku, kalori 1,570 hivi: viazi, kabeji, tanipu, mkate mweusi, makaroni. Kila wiki walitembea maili 22. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walilamba sahani. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakavisoma usiku kama wengine wasomavyo barua za wachumba. Kuketi kwenye kiti kitupu kukawa maumivu, kwa kuwa nyama ya kukalia ilikuwa imekwisha. Kitabu kikubwa kilichotokana na utafiti huo kilitoka mwaka 1950. Vijana hao walitaka miili yao iwe hoja: kwamba asiyepigana si lazima awe anayekwepa mzigo.

Mtu aliyewapinga kwa nguvu na kwa heshima alikuwa Reinhold Niebuhr, mwanateolojia wa New York aliyewahi kuwa mpenda amani yeye mwenyewe. Mwaka 1941 alianzisha jarida la Christianity and Crisis kwa lengo la kuwaamsha Wakristo wa Marekani waione hatari ya Hitler. Kwa Niebuhr hakuna mikono safi katika dunia hii. Anayekataa kupigana naye anachagua, na matokeo ya uchaguzi wake huwaangukia wengine walio dhaifu. Kumwacha dhalimu atawale ili nafsi yangu ibaki bila doa ni kuifanya nafsi yangu kuwa kubwa kuliko jirani yangu.

Hoja hiyo haipaswi kupitwa haraka. Yule Koerner aliyechora kikaango na mlipuko alikuwa Myahudi wa Vienna aliyekimbia Austria mwaka 1938. Wazazi wake walibaki, na Wanazi waliwaua. Mtu akiliangalia bango lile huku akijua hilo, haoni tena propaganda peke yake. Anamwona mwana aliyekuwa na sababu ya kutaka kila tone la mafuta lihesabiwe. Dorothy Day, kiongozi wa vuguvugu la Catholic Worker, alitangaza Januari 1942 kwamba gazeti lake litaendelea kupinga vita vyote, na wasomaji wengi wakamwacha. Msimamo wake ulihitaji ushujaa mkubwa. Lakini kwa familia ya Koerner haukuwa na jibu la kutosha, na heshima kwa Day hailazimishi kulificha hilo.

Basi tuseme Niebuhr yuko sahihi, kwamba mama wa kopo la mafuta alishiriki vita, na kwamba vita hivyo vilikuwa vya haki. Hapo ndipo swali linapogeuka na kuwa zito zaidi, kwa sababu upande wa pili wa bahari nako kulikuwa na majiko.

Aliyeliona jambo hili mapema kwa uwazi ni padri Mjesuiti, John C. Ford, mwalimu wa teolojia ya maadili huko Massachusetts. Septemba 1944, wakati miji ya Ujerumani ikiteketezwa usiku baada ya usiku, alichapisha makala katika jarida la Theological Studies kuhusu uhalali wa kuangamiza miji kwa mabomu. Ford hakupinga vita. Aliuliza tu: je, ni kweli kwamba vita vya kisasa vimewafuta wasio na hatia? Watetezi wa mabomu walisema kila raia sasa ni sehemu ya mashine ya vita. Ford akafanya jambo la kawaida kabisa, ambalo nguvu yake haijapungua. Akaandika orodha. Wakulima, wavuvi, waokaji mikate, washona nguo, washona viatu, wapaka rangi, akaendelea hivyo mpaka kazi zaidi ya mia moja, pamoja na watoto, wagonjwa na wazee. Kisha akamtaka msomaji aseme kama kweli watu hao wote wamestahili kuuawa.

Teolojia ya maadili ya Kikatoliki hutofautisha ushiriki wa karibu na ushiriki wa mbali. Anayefyatua bunduki na anayempa risasi wako karibu. Anayelima ngano ambayo mkate wake utaliwa na askari na kahaba na mtoto yuko mbali. Tofauti hiyo haikuzaliwa Roma peke yake. Wasia wa Khalifa Abubakar kwa jeshi lake, kwamba wasiue wanawake, watoto wala wazee na wasikate miti ya matunda, unafundishwa mpaka leo katika madrasa za Lamu na Zanzibar. Ford alihitimisha kwamba kuangamiza miji ni kushambulia haki ya kuishi ya wasio na hatia, na hakuna manufaa ya kijeshi yanayoifuta haki hiyo.

Makala yake ilisomwa na wachache. Miezi michache kabla, Machi 1944, jarida la Fellowship la Marekani lilikuwa limechapisha andiko la mwandishi Mwingereza Vera Brittain dhidi ya mabomu hayo, likiungwa mkono na wachungaji na waandishi 28. Magazeti yaliwashukia kwa hasira. Wamarekani wengi waliamini kwamba marubani wao wanalenga viwanda tu, na waliotaka kuwaambia vinginevyo walionekana wasaliti.

Wakati huo jangwani Utah, katika eneo la majaribio la Dugway, serikali yao ilikuwa imejenga nyumba. Mwaka 1943 vilijengwa huko vijumba vya Kijerumani na vya Kijapani, na wasanifu waliofanya kazi hiyo walizifahamu nchi hizo kwa kuishi ndani yake. Antonin Raymond, aliyebuni nyumba za Kijapani, alikuwa amekaa Japani miaka mingi. Ndani waliweka fanicha. Sakafuni walitandika mikeka ya tatami. Walitaka kila kitu kifanane na cha adui: mbao, mikeka, mpangilio wa vyumba. Kisha ndege zikapita zikaangusha mabomu ya moto, na wataalamu wakapima ni muda gani nyumba ya familia inachukua kuwaka. Zikateketezwa, zikajengwa upya, zikateketezwa tena.

Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, karibu ndege 300 aina ya B-29 zilimwaga mabomu hayo juu ya mitaa ya Tokyo iliyosongamana. Watu wapatao 100,000 walikufa na zaidi ya milioni moja wakakosa makazi. Moto huo haukutoka kwenye mafuta ya kikaango. Ulitoka kwenye napalmu, yaani petroli iliyogandishwa, petroli ile ile ambayo mama wa Marekani aliambiwa aibane ili ipatikane ya vita.

Wanawake waliokufa katika mitaa ile walikuwa wakiishi maisha ambayo mwenzao wa Ohio, Marekani, angeyatambua mara moja. Walipanga foleni za mgawo, na mchele wao uligawiwa kupitia vyama vya majirani, tonarigumi. Walitoa vyuma vya nyumbani viyeyushwe. Walifundishwa kupeana ndoo za maji kwa mstari kuzima moto. Serikali yao nayo iliwaambia kwamba jiko ni uwanja wa vita. Jenerali Curtis LeMay, aliyeamuru shambulio hilo, alijitetea baadaye kwamba nyumba za Tokyo zilikuwa karakana ndogo za silaha, kila moja na mashine yake. Julai 1945 afisa wa upelelezi wa Jeshi la Tano la Anga la Marekani aliandika waziwazi kwamba Japani haina raia, bali watu wake wote ni shabaha halali.

Tazama jinsi sentensi hiyo inavyoshabihiana na bango la bucha. Bango lilimwambia mama: kikaango chako ni silaha. Afisa akasema juu ya mama mwingine: kikaango chake ni silaha, basi achomwe. Aliyelipokea la kwanza kwa fahari alikosa pa kusimama la pili lilipokuja. Wamarekani wenye asili ya Kijapani walikuwa wamekwisha kuonja mantiki hiyo ndani ya nchi yao wenyewe. Kwa amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, watu wapatao 120,000, wakulima wa mboga, wavuvi, wanafunzi, vikongwe, walihamishwa kutoka pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Uzao ulitosha.

Kosa la hoja hiyo ni kuchanganya mambo mawili: kuwajibika na kustahili kuuawa. Mama wa Ohio aliwajibika. Alijua kopo linakwenda wapi, alipokea senti 4 zake, na akiwa Mkristo mwaminifu alipaswa kujiuliza siku moja moja alikuwa akisaidia nini, hasa habari za miji iliyoungua zilipoanza kumfikia. Tendo lake lilikuwa na uzito, ingawa mdogo. Lakini uwajibikaji wa namna hiyo hudaiwa na dhamiri, na kanisa, na historia, na Mungu. Haudaiwi na rubani. Mtu anaweza kuwa na sehemu yake katika vita na bado akawa mtu ambaye hakuna mwenye ruhusa ya kumteketeza kitandani pamoja na watoto wake. Niebuhr alisema kweli juu ya sehemu ya kwanza. Ford alisema kweli juu ya sehemu ya pili. Ukweli wa mmoja hauwezi kutumiwa kuufukia wa mwingine.

Na wako walioshiriki pasipo kujua kabisa. Mji wa siri wa Oak Ridge, Tennessee, ulifikia watu 75,000. Katika kiwanda cha Y-12 wasichana, wengi wao wametoka sekondari juzi tu, walikaa mbele ya mitambo wakizungusha vitufe ili mishale ibaki mahali pake, bila kuambiwa kwamba wanatenganisha urani ya bomu la atomiki. Walijua Agosti 6, 1945, redio ilipotangaza Hiroshima. Urani yenyewe kwa sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako wachimbaji Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji waliichimba na kuipakia kwa mikono yao. Lugha ya migodi ile ilikuwa Kiswahili. Wao hawakununua hatifungani wala kuona bango lolote, na hawakuwa na sauti hata katika nchi yao wenyewe. Yeyote anayesema kila aliyechangia vita ni mpiganaji inambidi awaeleze watu wa Shinkolobwe kwa haki gani anawahesabu hivyo.

Mwaka 1977, katika Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, mataifa yaliandika kwamba raia hashambuliwi isipokuwa pale, na kwa muda ule tu, anaposhiriki mapigano moja kwa moja. Kukusanya mafuta ya kupikia si kushiriki moja kwa moja. Kuchimba madini na kulipa kodi si kushiriki moja kwa moja. Tanzania na Kenya zimejiunga na itifaki hiyo. Marekani iliitia saini Desemba 1977, na mpaka sasa haijairidhia.